Hipokampasi na ramani ya mahali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanafunzi wa baiolojia, udaktari na uchambuzi wa data wanaotaka kujua ubongo unatambuaje mahali ulipo. Maswali mengi yanatokana na kosa lilelile: kudhani kuna picha ya chumba iliyochorwa ndani ya kichwa. Picha hiyo haipo. Kilichopo ni makundi ya seli, hasa katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, zinazopiga (yaani kutoa mishtuko mifupi ya umeme) kwa mpangilio, na mpangilio huo ndio ramani.

Hipokampasi iko wapi?

Ziko mbili, moja kila upande, ndani ya sehemu ya pembeni ya ubongo, takriban usawa wa masikio. Kwa mtu mzima kila moja ina urefu wa sentimita 4 hadi 5 na imejikunja kama samaki yule anayeitwa farasi wa baharini. Ndiyo maana Giulio Cesare Aranzi, mwanaanatomia wa Bologna, aliipa jina hilo mwaka 1587.

Habari huingia kupitia gamba la entorina lililo jirani, hupita kwenye mkunjo wenye meno, kisha sehemu ya CA3, kisha CA1, ndipo hutoka. Seli za CA3 zimeunganishwa sana zenyewe kwa zenyewe. Zile za CA1 zimebanana katika tabaka jembamba, jambo linalorahisisha kuzinasa kwa elektrodi (waya mwembamba unaosikiliza umeme wa seli), kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachokijua kimetoka huko.

Seli ya mahali ni nini hasa?

Ni seli ya neva ya hipokampasi inayopiga mnyama akiwa sehemu fulani tu. Mpigo hapa ni mshtuko mfupi wa umeme, wa kama milisekunde 1. John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walizieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1971, wakiwa University College London.

Chukua panya anayezunguka kwenye sanduku la mita 1 kwa mita 1 akiokota punje za chakula. Seli moja ya CA1 hukaa karibu kimya, chini ya mpigo 1 kwa sekunde. Panya akikaribia, tuseme, kona ya kusini, inaanza kupiga; akiwa katikati ya eneo hilo inafika mipigo 10, 20 au zaidi kwa sekunde; akitoka, inanyamaza. Eneo hilo huitwa uga wa seli, na katika sanduku kama hili upana wake kwa kawaida ni sentimita 20 hadi 40. Seli nyingine ina uga wake katikati, nyingine karibu na ukuta, na nyingi hazina uga wowote katika chumba hicho.

Kwenye uwanja wazi, seli hupiga hata panya aelekee upande gani. Kwenye njia nyembamba mambo hubadilika: seli inayopiga wakati wa kwenda mara nyingi hukaa kimya wakati wa kurudi. Ukichanganya safari za kwenda na kurudi kwenye hesabu moja, unapata uga hafifu, mpana, usio wa kweli.

Je, seli zote zina uga wa ukubwa mmoja?

La. Kwa panya, sehemu ya juu ya hipokampasi ina uga mdogo, na kadiri unavyoshuka unakua. Mwaka 2008 watafiti wa Trondheim, Norway, waliwatembeza panya kwenye njia ya mita 18. Seli za juu zilikuwa na uga wa chini ya mita 1, na za chini kabisa zilifika karibu mita 10. Ukitafuta seli za mahali za sehemu ya chini ndani ya sanduku la mita 1 utasema hazipo, wakati tatizo ni udogo wa sanduku.

Seli zilizo jirani ubongoni zina uga jirani chumbani?

Hapana, na jibu hili huwashangaza watu waliosoma jinsi ubongo unavyoona. Katika eneo la kuona, seli mbili zinazogusana hutazama pointi mbili zilizo karibu. Katika CA1, seli mbili zinazogusana zinaweza kuwa na uga kwenye kona zinazotazamana. Huwezi kuulaza ubongo mezani ukaona umbo la chumba.

Vilevile seli moja haitoshi kumwambia mtu panya yuko wapi. Ikiwa kimya, panya anaweza kuwa popote nje ya uga. Ikipiga mara moja, huenda ni kelele tu. Lakini rekodi seli 50 au 100 kwa pamoja, uangalie zipi zinapiga ndani ya nusu sekunde, na kompyuta itakadiria mahali alipo kwa kosa la sentimita chache.

Ni sahihi kuiita GPS ya ubongo?

Jina hilo linapendwa na magazeti, hasa tangu Tuzo ya Nobel ya 2014 ilipokwenda kwa O'Keefe pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser. Sisi hatulipendi. Simu yako hujua ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti. Bila hayo inapotea. Ubongo hautumiwi mawimbi na mtu. Unafanya kama nahodha aliyepoteza nchi kavu machoni: unajua ulianzia wapi, unaelekea upande gani, kwa kasi gani na kwa muda gani, ukakadiria ulipofika. Kosa dogo la kila hatua hujilimbikiza, mpaka ukutane na alama unayoijua na kujisahihisha. Katika panya wadogo, utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha hilo wazi: mipigo ya seli za gridi (tutazieleza kwenye jibu linalofuata) hukosea zaidi kadiri muda unavyopita tangu mnyama alipokutana na ukuta, na kukutana na ukuta tena hupunguza kosa.

Seli gani nyingine zinashiriki?

Seli za mwelekeo wa kichwa, alizoziripoti James Ranck mwaka 1984. Kila moja hupiga kichwa kikielekea upande mmoja tu, popote mnyama alipo. Watu huzifananisha na dira, lakini hazifuati sumaku ya dunia. Zinafanana zaidi na hisia ya kibla ya mtu aliyezoea msikiti wake: akiwa ndani, hata macho akiyafumba, anajua ni upande gani, kwa sababu anaujua mlango, mihirabu na namna alivyogeuka tangu aingie. Mzungushe akiwa amefumba macho na upande huo utapotea.

Zipo pia seli za mpaka, zinazopiga kando ya ukuta au ukingo wa shimo, na seli za kasi, ambazo mipigo yake huongezeka kadiri mnyama anavyokwenda mbio.

Za gridi ndizo zilizowashtua wengi. Ziliripotiwa mwaka 2005 na kundi la akina Moser, kwenye gamba la entorina. Seli ya mahali huwa na uga mmoja au michache. Seli ya gridi ina uga mwingi uliopangwa kwa pembetatu zenye pande sawa, kama vyumba vya sega la nyuki, kote sakafuni. Sakafu haina mchoro huo. Panya haoni pembetatu popote. Mpangilio unatoka ndani ya ubongo wenyewe. Umbali kati ya uga mmoja na unaofuata huanzia kama sentimita 30 kwenye sehemu ya juu ya gamba hilo, na haukui polepole, bali kwa ngazi: kila ngazi ni takriban mara 1.4 ya ile iliyotangulia. Faida ya ngazi ni kwamba gridi moja hurudia mchoro wake na hivyo haijui wewe uko kwenye rudio lipi, ila gridi za vipimo tofauti zikisomwa pamoja zinabainisha mahali pamoja tu.

Taa zikizimwa, ramani inafutika?

Haifutiki ikiwa panya alikuwa tayari ndani. Majaribio ya 1990 yalionyesha kwamba ukizima taa akiwa sandukuni, seli nyingi huendelea kupiga palepale. Lakini ukimwingiza kukiwa giza tayari, nyingi hubadili uga. Tofauti hiyo ni muhimu kwa anayepanga jaribio: mwanga hauhitajiki ili kuendeleza ramani, unahitajika ili kuianzisha mahali pake.

Panya pia hunusa. Akikojoa kwenye kona, kona hiyo ina alama kwa siku nzima. Ukitaka kupima kama seli zinafuata kadi iliyobandikwa ukutani, fanya hivi: zungushia sanduku pazia la duara, mtoe panya umweke kwenye chombo kilichofunikwa, zungusha chombo taratibu ili asijue aliko, futa sakafu kwa maji na alkoholi, au badilisha karatasi ya chini, sogeza kadi nyuzi 90, mrudishe. Mambo yakienda sawa, uga wa seli zote huzunguka nyuzi 90 kwa pamoja. Wanaoruka hatua ya kufuta sakafu hupata seli zilizokwama palepale, kisha huandika kwamba kadi haina maana.

Panya akihamishiwa chumba kingine, nini hutokea?

Ramani hupangwa upya. Robert Muller na John Kubie walilieleza hili mwaka 1987. Seli iliyokuwa na uga kaskazini hunyamaza. Iliyokuwa kimya hupata uga. Mbili zilizokuwa jirani huachana. Huwezi kukisia ramani ya chumba cha pili kwa kujua ya kwanza. Mwaka 2014 walijaribiwa panya katika vyumba 11, na seli za CA3 zilitoa ramani 11 ambazo hazikufanana.

Kuna mabadiliko madogo pia. Ukibadilisha rangi ya kuta tu, sanduku likibaki lilelile mahali palepale, uga mara nyingi haubanduki ila idadi ya mipigo hupanda au kushuka. Usiyachanganye mambo hayo mawili. La kwanza linasema "hapa ni kwingine", la pili linasema "hapa ni palepale, ila pamebadilika". Seli za gridi zenyewe hazipangwi upya kwa namna hiyo: mchoro husogea na kuzunguka, na seli mbili zilizokuwa pamoja hubaki pamoja.

Ukivuta sanduku badala ya kulibadilisha, likawa refu upande mmoja, uga wa baadhi ya seli hurefuka upande huohuo au hugawanyika mara mbili. O'Keefe na Neil Burgess waliripoti hili mwaka 1996, na ndilo lililowafanya waseme kwamba seli hupima umbali wake kutoka kwenye kuta.

Wimbi la theta lina kazi gani?

Panya anapotembea, hipokampasi yake yote huyumba kwa mdundo wa umeme wa mara 6 hadi 10 kwa sekunde, na huo ndio wimbi la theta. Seli ya mahali haipigi ovyo juu ya mdundo huo. Panya anapoingia kwenye uga, mipigo huja mwishoni mwa kila wimbi. Kadiri anavyosonga mbele, huja mapema zaidi. O'Keefe na Michael Recce walichapisha hili mwaka 1993.

Maana yake inaonekana ukizitazama seli tatu zilizopangana njiani. Ndani ya wimbi moja, la kama milisekunde 125, hupiga kwanza ile ya mahali alipotoka, kisha ya alipo, kisha ya anapokwenda. Safari fupi nzima inasomwa upya mara nane kwa sekunde. Atakayehesabu mipigo kwa sekunde peke yake hataliona hili kamwe.

Ni kweli kwamba panya hurudia safari akiwa usingizini?

Mpangilio wa mipigo hurudi, ndiyo. Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha mwaka 1994 kwamba seli zilizopiga pamoja mnyama akiwa macho hupiga pamoja tena katika usingizi uliofuata. Marudio haya huja ndani ya viwimbi vya kasi, mara 150 hadi 200 kwa sekunde, vinavyodumu kama sehemu ya kumi ya sekunde. Njia iliyochukua sekunde kadhaa hupitiwa ndani ya muda huo. Mwaka 2006 David Foster na Wilson walikuta pia marudio ya kinyumenyume, panya akiwa macho, amesimama mwisho wa njia anakula. Na hayaendi bure: ukiyakatiza kwa umeme kila yanapotokea, panya hujifunza njia polepole zaidi.

Je, panya anaota? Mipigo haituambii hilo.

Mnyama asiye na hipokampasi hawezi kabisa kufika aendako?

Anaweza, ikiwa safari ni mazoea. Richard Morris alibuni hodhi lenye maji yaliyofanywa meupe kwa maziwa, na jukwaa lililofichwa chini kidogo ya uso wa maji. Panya mwenye hipokampasi nzima, baada ya majaribio kadhaa, huogelea moja kwa moja kulifuata hata akianzia upande mpya. Mwaka 1982 ilionekana kwamba panya aliyeharibiwa hipokampasi hutangatanga. Lakini jukwaa likiinuliwa lionekane, hulifikia vizuri.

Jaribio la Mark Packard na James McGaugh, la 1996, lilitenganisha mambo vizuri zaidi. Panya alifundishwa kwenye njia ya msalaba kwamba chakula kiko mkono wa magharibi. Siku ya 8 alianzishwa upande wa pili. Wengi walikwenda palepale penye chakula, yaani walijua mahali. Siku ya 16, wengi waligeuka kwa mkono uleule waliouzoea, wakaishia pasipo chakula, yaani walifuata mazoea. Siku ya 8, kuilaza hipokampasi kwa ganzi kuliondoa ujuzi wa mahali. Siku ya 16, kulilaza eneo la kaudati, linaloshughulika na mazoea, kuliurudisha. Ramani haikuwa imefutika, ilikuwa imefunikwa.

Kwa binadamu kuna ushahidi gani?

Hatuwezi kumtia mtu elektrodi kwa udadisi. Lakini wagonjwa wa kifafa kisichosikia dawa wakati mwingine huwekewa elektrodi ili madaktari wajue degedege linaanzia wapi. Wakiwa hospitalini, baadhi yao hukubali kucheza michezo ya kompyuta, kama ule wa kuendesha teksi mjini. Kwa njia hiyo seli za mahali za binadamu ziliripotiwa mwaka 2003, na za mfano wa gridi mwaka 2013.

Madereva wa teksi za London ni ushahidi wa aina nyingine. Ili kupata leseni hukariri kama mitaa 25,000 iliyo ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross, kazi ya miaka 3 au 4. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake waliwapiga picha za ubongo madereva 16 na kukuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi ni kubwa kuliko ya watu wengine, huku ya mbele ikiwa ndogo. Hilo la pili husahaulika kila habari hii inaposimuliwa. Pingamizi lilikuwa kwamba huenda waliozaliwa hivyo ndio wanaochagua kazi hiyo. Mwaka 2011 jibu lilipatikana: kati ya wanafunzi 79 waliofuatiliwa, 39 walifaulu, na ni hao tu ambao hipokampasi yao ilionyesha kukua, wakati mwanzoni hawakuwa tofauti na waliofeli.

Kwa nini wagonjwa wa Alzheimer hupotea hata mtaani kwao?

Gamba la entorina, makao ya seli za gridi, ni kati ya sehemu za kwanza kabisa za gamba la ubongo kuharibiwa na ugonjwa huo, kisha hipokampasi. Mzee anayeanza kupotea njia anayoijua apelekwe kupimwa mapema. Isisemwe kwamba ni uzee tu.

Haya yote ni ya maabara. Nje, kwenye ulimwengu mpana?

Hapo Tanzania inaingia. Mwaka 2025 kundi la Nachum Ulanovsky wa Taasisi ya Weizmann lilichapisha rekodi za popo walao matunda waliokuwa wakiruka usiku juu ya kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu katika Bahari ya Hindi, ng'ambo ya pwani yetu: Latham, ambacho pia huitwa Fungu Mbaraka. Kila popo alibeba kifaa kidogo kilichonasa seli zake za mwelekeo wa kichwa. Seli iliyopendelea upande fulani iliupendelea upande huohuo kisiwa kizima, popo akiwa kona yoyote. Mwezi na nyota hazikuonekana kuiongoza dira hiyo. Kuonekana au kufichwa na mawingu hakukuibadili.

Rekodi hupatikanaje, na huharibikia wapi?

Nyaya nne nyembamba, za mikromita 12 hadi 17, husokotwa pamoja na ncha zake hupakwa dhahabu ili ukinzani ushuke hadi kilo-omu 200 au 300. Nne, kwa sababu seli moja husikika kwa nguvu tofauti kwenye kila waya, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha seli moja na jirani yake. Kwa idhini ya kamati ya maadili na chini ya nusukaputi kamili, kifaa hufungwa kwenye fuvu. Tabaka la CA1 la panya liko kama milimita 2 chini ya uso wa ubongo.

Baada ya kupona, nyaya hushushwa kwa skrubu, na karibu na tabaka isizidi mikromita 40 kwa siku. Kosa kubwa ni haraka. Ukisukuma kwa nguvu, tishu hujibana, kisha hujinyoosha usiku, na asubuhi unakuta umelipita tabaka. Dalili kwamba umefika ni viwimbi vya kasi kuwa vikubwa panya akitulia. Kosa la pili ni kelele za misuli panya anapotafuna, zinazofanana na mipigo ila hutokea kwenye nyaya zote kwa wakati mmoja.

Nawezaje kuanza bila maabara?

Pakua data halisi. CRCNS, hifadhi ya mtandaoni ya data za ubongo, inatoa bure hc-3, mkusanyo wa rekodi za hipokampasi ya panya kutoka maabara ya György Buzsáki, kwa anayefungua akaunti. Kompyuta ya kawaida na lugha ya programu ya Python vinatosha.

Faili la .res lina saa za mipigo, kwa kuhesabu sampuli. La .clu linasema kila mpigo ni wa seli gani. Mstari wake wa kwanza ni idadi ya makundi ambamo mipigo imegawanywa, si mpigo, na asiyeuondoa husogeza kila kitu kwa hatua moja. Kundi 0 na kundi 1 ni kelele na mipigo isiyotenganishika, yatupe. La .whl lina mahali pa panya, na kamera ilipompoteza limeandikwa -1. Ukiisoma -1 kama mahali, kona moja ya ramani yako itawaka mipigo kwa kila seli.

Kisha gawanya sakafu katika miraba ya sentimita 2 hadi 5. Ondoa nyakati ambazo mwendo uko chini ya sentimita 5 kwa sekunde, maana hapo marudio huingilia. Kwa kila mraba, gawa idadi ya mipigo kwa sekunde alizokaa humo. Mraba ambao hakuufikia uachwe wazi, usiandikwe sifuri. Lainisha kidogo. Kabla ya kusema una seli ya mahali, sogeza saa za mipigo mbele kwa kiasi cha kubahatisha, angalau sekunde 20, rudia mara 1,000, na ulinganishe: kama ramani yako halisi haizishindi 99 kati ya kila 100 za kubahatisha, chukua seli nyingine.